Siku Moja Maabarani: Mbegu ya Kiume Baada ya Kutoka Korodani

Saa moja asubuhi, magari yakiwa tayari yamesongamana Upper Hill, Nairobi, nawasha mitambo ya maabara na kusubiri ifikie nyuzijoto 37, kwa maana shahawa zikipoa mbegu hupunguza mwendo na majibu hupotoka.

Saa mbili na nusu sampuli ya kwanza bado ni nzito, nami siigusi. Protini ziitwazo semenojelini, zinazotoka kwenye vifuko vya shahawa, huzifunga mbegu katika ute ulioganda, kisha kimeng'enya cha tezi dume, PSA ile ile ambayo wazee wetu hupimwa katika damu, huzikatakata protini hizo hadi ute uyeyuke, aghalabu ndani ya dakika 15 hadi 30.

Saa nne nahesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini cha mbegu zinazosonga mbele kuwa asilimia 30. Hizi ni tele, lakini nyingi zimetulia.

Saa sita mwenye sampuli ananiuliza, "Daktari, kama zipo, mbona haziendi?" Swali hili nalipenda, na simjibu kwa haraka. Mbegu inapotoka korodani ina kichwa na mkia, ila haiwezi kuogelea wala kurutubisha yai. Hukomaa katika epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani ambao ukinyooshwa hufika kama mita 6, na safari hiyo huchukua siku kadhaa. Kwa kuwa jeni zake zimekwisha kufungwa, mbegu haiwezi tena kujitengenezea protini mpya za kutosha. Hupewa protini na seli za mrija huo, baadhi ya protini hizo zikiwa ndani ya vifuko vidogo mno viitwavyo epididimosomu. Protini mojawapo, DEFB126, huivika mbegu na kuisaidia kupenya ute wa mlango wa kizazi. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba katika panya korodani yenyewe hutuma protini ya NELL2 kuuandaa mrija huo, na dume asiye nayo huwa tasa. Ndiyo maana naona idadi peke yake ni kipimo pungufu, na inaniuma mke anapolaumiwa miaka mingi kabla ya mume kupimwa.

Saa tisa napima alfa-glukosidesi, kimeng'enya cha epididimisi, katika sampuli nyingine isiyo na mbegu hata moja. Kiko chini sana. Huenda korodani zinazalisha na njia ndiyo iliyoziba, kwa hiyo kabla ya saa kumi na moja namwandikia daktari wa upasuaji, nikimwomba aichunguze njia hiyo kwanza.