Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa hesabu, Kadutu, Bukavu, Kongo

Saa kumi na moja asubuhi. Niko macho, chai iko jikoni na kitumbura cha jana, napitia somo la leo ambalo ni uwiano, mwaka wa nane. Nitafundisha nini, hiyo programu ya serikali ishasema zamani, mimi ninachotafuta asubuhi ni kitu kimoja: yule mtoto wa benchi ya nyuma ataanza na nini anachokiweza? Maana mtoto haachi hesabu kwa uvivu jamani, anaacha kwa sababu amezoea kushindwa mbele ya wenzake.

Saa moja kasoro. Nashuka kwa mguu, usiku ilinyesha na matope ya Kadutu mnayajua. Watoto tunakutana njiani, "jambo prof", nami nawaita kwa majina, na aliyekosa jana namuuliza mama anaendeleaje.

Saa moja na nusu. Bendera, wimbo wa taifa, tunaingia. Darasa limejaa kweli, shule za msingi za serikali zilifanywa bure mwezi wa tisa 2019 na wengi waliopitia hapo sasa wako kwetu, wanabanana benchi moja mpaka viwiko vinagongana wakiandika.

Saa mbili. Naandika maswali matatu kwenye ubao, nasema fanyeni mawili, mchague wenyewe. Kitu kidogo hivyo lakini ona vichwa vinavyoinama juu ya kaye, yaani daftari! Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliandika kwamba mtu anajituma kwa moyo wake akijiona anaweza, akijiona ana uamuzi, na akijiona yuko na watu wanaomjali. Kumpa mtoto achague swali hakuniombi hata franka moja.

Nikamwita msichana mmoja wa nyuma, huwa haongei kabisa, ila mama yake anauza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni na yeye ndiye anayerudisha chenji. Vipimo 3 vya sambaza ni franka 6.000, vipimo 5 je? Hata hakusubiri, akaandika 2.000, halafu 10.000, chaki haijatulia. Swali la pili likawa la watu 4 wanaolima shamba kwa siku 6, wakiwa 8 je? Akaandika 12. Darasa likaanza kucheka, nikanyanyua mkono wakanyamaza, nikamuuliza tu, watu wakiongezeka kazi inachelewa? Akasimama pale akiutazama ubao, midomo inahesabu, akafuta kwa kiganja akaandika 3. Sikumwambia una akili. Nilimwambia umerudi kwenye swali ukaliwaza upya, ndiyo maana umepata.

Hapo nina sababu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walitoa utafiti wao, watoto waliosifiwa kwa akili, walipokutana na maswali magumu walivunjika moyo haraka kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Ukimwambia mtoto ana akili, siku akikosa anaelewa kwamba akili zimeisha.

Saa nne, mapumziko. Mwenzangu anataka kila wiki wa kwanza apewe biki, yaani kalamu. Tukabishana vizuri tu, nikamweleza ule utafiti wa Lepper, Greene na Nisbett wa 1973, watoto wadogo waliopenda kuchora wakaahidiwa cheti, baadaye walipoachwa huru wakachora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Akasema lakini kuna kazi zisizopendwa na mtu, na hapo namkubalia, kukariri majedwali ya kuzidisha, zawadi inaweza kuwasukuma waanze. Ila biki ya wa kwanza kila wiki itaenda kwa walewale, na wengine watajua mapema kwamba haiwahusu.

Saa sita. Njaa imeingia, wengi walitoka nyumbani bila kitu tumboni, macho yanazubaa. Mwanasaikolojia Maslow aliandika habari ya mahitaji ya binadamu mwaka 1943, watu wengi wanajua ile piramidi ya mahitaji tu, ambayo hata si yeye aliyeichora, na hakusema haja moja lazima itimie yote ndipo nyingine ianze. Kwa hiyo siwaachi wakae bure, saa hiyo naweka mazoezi ya wawiliwawili, mepesi, ya kuongea, yale magumu tulishayamaliza asubuhi.

Saa saba. Papa mmoja, baba wa mwanafunzi, ananisubiri getini, anauliza, mwanangu wa ngapi? Nikamfungulia kaye, papa angalia hapa, mwezi uliopita alikuwa anakwama mstari wa kwanza, sasa anafika wa nne. Akaangalia muda mrefu, akauliza huo wa tano unahitaji nini, na tukaongea juu ya kugawanya desimali mpaka watu wakaisha getini.

Saa moja usiku. Umeme hakuna, nasahihisha kwa taa ya simu. Siandiki sifuri kubwa nyekundu nikapita, naweka alama ndogo kwenye kila mstari uliosimama, halafu napiga mstari chini ya pale kosa lilipoanzia, inachukua muda na mgongo unauma, lakini asubuhi mtoto anajua arudi wapi. Kesho nataka watunge maswali wenyewe kwa bei za sokoni, wabadilishane na jirani. Msichana wa sambaza nitamwomba aanze.