Maboksi ya picha zisizo na majina: kazi ilipofikia

Chama chetu cha historia ya mtaa kilirithi maboksi ya picha, kaseti na barua, sehemu kutoka studio ya picha iliyofungwa na sehemu kutoka kwa familia zilizohama. Yalikaa kabatini muda mrefu, kwa kuwa kila aliyeyafungua alikuta nyuso nyingi na majina machache, akayafunga tena. Nilijitolea kuyashughulikia. Naandika hapa kazi ilipofika, ili mwanachama yeyote aweze kuiendeleza hata nisipokuwepo.

Kabla ya kuhamisha picha yoyote

Ukifungua maboksi kama haya unatamani kuyapanga upya papo hapo: harusi huku, shule kule, majengo peke yake. Tulikubaliana kutofanya hivyo. Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa, kwa kazi ya mhifadhi nyaraka Natalis de Wailly, ilitoa waraka ulioagiza kwamba nyaraka zilizotoka kwa idara, taasisi au familia moja zikae pamoja, zisichanganywe na za wengine. Wahifadhi nyaraka wanaifuata kanuni hiyo hadi leo, na boksi la studio lilinionyesha sababu. Bahasha moja ina tarehe. Zilizoitangulia na zilizoifuata hazina chochote, lakini pazia la nyuma ni lile lile, na kiti ni kile kile chenye mguu uliofungwa kamba. Jirani mmoja mwenye tarehe anawapa wenzake wote umri wa kukadiria. Tungezitawanya kwa mada, ushahidi huo ungepotea na hakuna ambaye angejua kwamba uliwahi kuwepo.

Kwa hiyo kila boksi lilipigwa picha kama lilivyokutwa, tabaka baada ya tabaka, kisha vitu vikapewa namba: boksi, bahasha, kipande. Namba inaandikwa nyuma ya picha, pembeni kabisa, kwa penseli laini, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu kilicho safi. Kalamu ya wino hairuhusiwi mezani, maana wino hupenya na ncha yake huacha alama upande wa mbele. Picha za rangi za miaka ya karibuni zina mgongo wa plastiki usioshika penseli. Hizo namba yake inakaa kwenye bahasha.

Vilivyotengwa

Baadhi ya negativu (filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo) zilinuka siki mara tu bahasha ilipofunguliwa. Hiyo ni filamu ya asetati inayooza, na mvuke wa asidi inayotoa huharakisha uozo wa zilizo jirani, hivyo zimewekwa mbali na nyingine, mahali pa baridi, na ndizo zilizotangulia kuskaniwa. Filamu za zamani zaidi, zisizo na neno SAFETY (yaani salama) pembeni, huenda ni za naitreti, nasi tulizishughulikia kwa hofu ya haki kabisa. Filamu ya naitreti, ambayo Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1951, ikishika moto huendelea kuwaka hata ikikosa hewa, kwa sababu inatoa oksijeni yake yenyewe. Hizo hazitakaa kwetu. Zinakabidhiwa hifadhi yenye chumba maalumu, nasi tutabaki na nakala.

Albamu za plastiki ya PVC zimeondolewa zote, maana plastiki hiyo hutoa kemikali na kunata kwenye uso wa picha. Mahali pake tumeweka bahasha za karatasi isiyo na asidi, na za poliesta kwa picha zinazoshikwashikwa mara nyingi.

Kuskani kunaenda taratibu na hakuna mengi ya kusimulia: nukta 600 kwa inchi, faili za TIFF, mbele na nyuma. Nyuma ni lazima. Mhuri wa studio, hesabu ya nakala zilizoagizwa, hata mchoro wa mtoto, vyote ni habari. Postikadi huweza kukadiriwa umri kwa mgongo wake tu: Uingereza iliruhusu upande wa nyuma ugawanywe mara mbili, ujumbe huku na anwani kule, mwaka 1902, na Marekani ikafuata mwaka 1907. Nakala za faili ni tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja inakaa jengo jingine.

Meza ya majina

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na ndipo chama kizima kilipoamka.

Tunatandaza nakala kubwa mezani, kamwe si picha zenyewe, na kuwaalika wazee waketi. Wanachama vijana wanakaa pembeni na fomu. Sheria ya kwanza niliyoisisitiza ni kutomtajia mtu jina. Ukimuuliza mzee, "Huyu si fulani?", umeshampandia jibu, na baada ya hapo hutajua kama amekumbuka au amekubali. Tunauliza, "Bibi, hapa unaona nini?", kisha tunanyamaza. Ukimya huo huzaa matunda ya ajabu. Bibi mmoja hakutazama uso wowote. Aliiangalia baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akasema, "Mjukuu wangu, baiskeli hii ni ya mwalimu wa kwaya. Hakuna mwingine aliyekuwa na taa mbili." Kutoka kwenye baiskeli tulipata kwaya, kutoka kwenye kwaya tukapata safu nzima ya mbele, kila mmoja na sauti aliyokuwa akiimba.

Fomu ina nafasi ya jina lililotajwa, jina la aliyelitaja, tarehe, na swali ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote: amejuaje? Alimwona mwenyewe, aliambiwa, au anakisia? Mwaka 1961 mwanahistoria Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti Afrika ya Kati, alionyesha kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kupimwa kama hati zilizoandikwa, mradi tufuatilie nani alisema, alipata wapi, na habari ilipita kwa nani hadi kumfikia. Fomu yetu ni njia hiyo hiyo iliyopunguzwa ukubwa ili ienee kwenye meza ya mtaani. Jina lililoandikwa nyuma ya picha bila kuonyesha aliyelisema ni la kushukuru, lakini halina pa kuulizwa. Jina lenye chanzo, hata likiwa si sahihi, linaweza kufuatwa na kurekebishwa.

Hili lilijaribiwa mapema. Katika picha ya watu waliosimama mbele ya jengo la sokoni, wazee wawili walimtambua mtu mmoja kwa majina mawili tofauti, na kila mmoja alikuwa na hakika. Mmoja alimwambia mwenzake kwa upole, "Ndugu yangu, mimi nilikaa naye dawati moja." Mwenzake akajibu, "Nami nilimzika." Kulikuwa na vijana waliotaka tupige kura. Nilipinga kwa nguvu zangu zote, na bado nadhani kura ndiyo njia mbaya kuliko zote ya kuamua jambo la namna hii. Majina yote mawili yaliandikwa, kila moja na msemaji wake. Baadaye mwanachama aliyezoea kusoma majengo aligundua kwamba nyuma yao kuna ubaraza uliojengwa pamoja na sehemu mpya ya soko, ambayo jiwe lake la msingi lina mwaka. Mmoja wa watu waliotajwa alikuwa ameshafariki kabla ya mwaka huo, kwa mujibu wa kaburi lake. Mzee aliyemtaja alipoonyeshwa, aliinama muda mrefu juu ya nakala, akasema basi huyu lazima ni mdogo wake, walifanana sana. Jina hilo la tatu nalo limo kwenye fomu. Kauli yake ya kwanza haikufutwa, imewekewa alama tu.

Jambo ambalo sikulitegemea ni idadi ya watu wanaokuja wakiwa hawana picha ya kutambua. Wanakuja kusikiliza. Wengine wanarudi na bahasha zao kutoka nyumbani, na hapo tunaandika tena: imetoka kwa nani, lini, kwa masharti gani.

Kaseti

Wanachama waliotutangulia walirekodi mahojiano na wazee wa wakati wao, kwa kaseti za aina ambayo Philips iliizindua mwaka 1963. Kazi ya kwanza kwa kila kaseti ni kuvunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo ukingoni, ili hata kitufe cha kurekodi kikibonyezwa, mashine ikatae. Kisha kichwa cha mashine husafishwa kwa spiriti na kurekebishwa kwa skrubu yake hadi sauti za juu zisikike wazi kuliko awali, kwa sababu kila kaseti ilirekodiwa kwa mashine yenye mkao wake. Tunanakili kwa biti 24 na kilohezi 96, faili za WAV, bila kusafisha sauti. Kelele za nje zibaki. Kwenye kaseti moja inasikika kengele ya shule nyuma ya maneno, na shule hiyo haipo tena.

Kuna mwanachama aliyependekeza tuandike maneno yote kisha tuachane na kanda. Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, ambako Allan Nevins alianzisha ofisi ya historia simulizi mwaka 1948, kilikuwa na desturi hiyo miaka ya mwanzo: kanda zilifutwa na kutumiwa tena, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyohesabiwa kuwa hati. Sauti hizo hazirudi. Sisi tunaweka sauti, na badala ya kuandika kila neno tunatengeneza orodha ya mada na dakika zake, ili mtu anayetafuta habari za daraja la zamani afike hapo moja kwa moja.

Ruhusa

Wengi wa waliorekodiwa wametangulia, na ruhusa waliyoitoa ilikuwa ya mdomo, wakati hakuna aliyewaza intaneti. Tunazitafuta familia zao moja moja. Familia moja iliomba sehemu inayotaja ugomvi wa ardhi isisikilizwe hadi wahusika wote watakapokuwa hawapo. Tulikubali bila kubishana, tukaliandika sharti hilo kwenye kumbukumbu ya kaseti. Baadhi ya wanachama waliona tunaficha historia. Mimi naona tunailinda, kwa sababu familia isiyotuamini haitaleta kaseti ya pili. Kwa picha za studio kuna suala jingine tena: kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki, na warithi wa mpiga picha bado tunazungumza nao.

Yaliyo mezani sasa

Boksi la studio limekwisha kuskaniwa, la barua halijaguswa. Kwa barua hizo nahitaji msomaji wa mwandiko wa zamani aliye na subira. Fomu za majina zinaingizwa kwenye kompyuta kwa vipengele 15 vya Dublin Core, utaratibu wa kueleza kumbukumbu ulioanza kutungwa mwaka 1995, ili kumbukumbu zetu zisomeke na maktaba yoyote itakayotaka kuzitumia. Jina la msemaji tumeliwekea nafasi yake ya ziada, na hilo halitaondolewa. Meza ya majina inayofuata itakuwa ya picha za timu za mpira. Wachezaji kadhaa bado wapo, na wawili wameomba waketi meza tofauti hadi kila mmoja amalize kujaza fomu yake.