Nilivyowaonyesha vijana wa PCB protini zinazopanga kromosomu, kwa kitunguu na pete za pazia

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule moja ya sekondari huku Mbagala. Kikazi natakiwa kuandaa vifaa, kuosha, kuhesabu na kufunga makabati. Lakini mwalimu wa baiolojia akizidiwa na vipindi, vijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) huishia kwangu, na mwaka huu walikuja na swali lililonikalia kichwani. Madaftari yao yanasema kromosomu, vile vijiti vya DNA vinavyobeba urithi, "hufupika na kunenepa" kabla seli haijagawanyika, basi. Nani anazifupisha? Hapo kimya. Jibu ni protini, nami nikawaahidi kuwaonyesha.

Niliamua wazione kwanza. Kitunguu maji kina kromosomu 16 tu tena kubwa, na gengeni hakikosekani. Kwa hapa Dar shida ni maji. Kisima chetu kina chumvi, na mizizi ya kitunguu ikikutana na chumvi hutoka mifupi na seli zake hugawanyika kwa kusuasua, kwa hiyo nilikinga maji ya mvua. Joto letu nalo huozesha kitako cha kitunguu upesi. Nikawa nayabadilisha maji kila asubuhi. Chagua vitunguu vilivyokaa kaa, vyenye kitako kikavu, ukikwangue kidogo kabla ya kukikalisha juu ya glasi.

Mizizi niliikata asubuhi nikailaza kwenye ethanoli sehemu tatu kwa asidi asetiki sehemu moja, ili seli zigande zilivyo. Kisha inaingia kwenye asidi hidrokloriki nyepesi yenye joto la nyuzi 60, dakika chache tu, ili seli ziachiane. Mashine ya kuchemshia maji hatuna. Nilitumia chupa ya chai, kikombe cha bati na kipimajoto, nikichanganya ya moto na ya baridi hadi 60, na neli ya majaribio ikiwa imesimama humo. Baada ya kutia rangi, unabakiza ncha tu, ile milimita moja au mbili iliyokolea kuliko kwingine, unaifunika kwa kioo chembamba, unaweka karatasi laini juu na kukandamiza kwa dole gumba wima. Kidole kikiteleza pembeni, umekwisha.

Hadubini zetu ni zile za kioo cha kuakisi, kwa hiyo tulikaa dirishani. Seli nyingi zilikuwa zimetulia, viini vyake mviringo. Halafu kijana mmoja akapiga kelele: amepata metafasi, vijiti vimejipanga katikati ya seli. Pembeni yake kulikuwa na anafasi, makundi mawili yakiachana. Walipokezana pale hadi kengele ikalia, na mmoja akaniuliza, "Madam, sasa hizo protini ziko wapi?"

Hazionekani. Kohesini, protini inayoshika nakala mbili za kromosomu pamoja, ina urefu wa takriban nanomita 50, na hadubini ya mwanga ya kawaida haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Kilichokuwa kwenye slaidi ni matokeo ya kazi yao. Kazi yenyewe ilibidi niitafutie njia nyingine.

Nikaenda Kariakoo nikanunua uzi wa sufu na pete za plastiki za pazia, zile zinazofunguka kwa kishikizo. Tulitandaza uzi toka ukuta hadi ukuta, kijana mmoja kila upande. Huo ni DNA; kwa binadamu, seli moja ina karibu mita 2 zake, katika vipande 46, ndani ya kiini chenye upana wa mikromita 10 hivi. Tayari umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kila furushi la histoni 8 likibeba jozi za besi (vipande vidogo vinavyojenga DNA) 147, lakini hilo peke yake halitoshi. Pete ya kwanza ikawa kondensini, protini inayokunja DNA: unaingiza uzi kama kitanzi, unauvuta, kitanzi kinakua. Tukaongeza pete nyingine mbele, na nyingine. Vijana wa ukutani walilazimika kusogea hatua kwa hatua hadi wakakaribia kugongana. Hapo sikuhitaji tena kueleza maana ya kufupika.

Hili si la kubuni. Tatsuya Hirano na wenzake waliieleza kondensini mwaka 1997 kwa kutumia mayai ya chura, na ikiondolewa, kromosomu hazijikunji ipasavyo. Mwaka 2018 watafiti wa Delft, Uholanzi, na Heidelberg, Ujerumani, waliifunga DNA kwenye kioo, wakaitia rangi inayong'aa, wakaitazama kondensini ikivuta kitanzi mubashara, hadi jozi za besi 1,500 kwa sekunde. Mimi nilivuta kwa mkono; yenyewe inatumia ATP, nishati ya seli, na hilo niliwaambia waliandike kwa herufi kubwa.

Kwa kohesini tulichukua nyuzi mbili za rangi moja, kwa kuwa ni nakala, tukazipitisha pamoja kwenye pete kadhaa. Mkasi niliufunga kwa gundi ya karatasi: mkasi ni separasi, protini inayokata kohesini, na gundi ni sekyurini, protini inayoizuia. Kwenye profasi, hatua ya mwanzo ya mgawanyiko, pete nyingi za kwenye mikono ya kromosomu huachia bila kukatwa, nasi tukafungua vishikizo. Za sentromea, yaani kiunoni mwa kromosomu, zinabaki, kwa sababu protini iitwayo shugoshini inazilinda. Na hapo umbo la X linalochorwa kila daftari likajitokeza lenyewe: mikono imeachana, kiuno kimeshikwa. Kila upande uliposhikwa na nyuzi za spindeli, zile zinazovuta kromosomu, na kuvutwa, nilibandua gundi, nikakata pete ya mwisho. Wavutaji nusura waanguke. Tuliporudi dirishani, waliitafuta anafasi kwa jina la separasi.

Wakati wa kufagia vipande vya plastiki, binti mmoja aliuliza kama pete zinazeeka. Swali zito. Mayai ya mwanamke huanza mgawanyiko wake kabla hajazaliwa, kisha husimama kwa miaka mingi, na kohesini inayoshika kromosomu humo hulegea kadiri umri unavyosonga. Hiyo ni sehemu ya sababu ya makosa kuongezeka kwa akina mama wenye umri mkubwa, ikiwemo kromosomu ya 21 kuwa tatu. Nilimjibu kwa kifupi, maana meiosisi, mgawanyiko unaotengeneza mayai na mbegu za uzazi, bado hawajafika. Tukifika tutahitaji nyuzi nne na pete mpya. Nilizokata hazifungiki tena.