Kahawa ya Kukalia Kiti Mbele ya Perseus

Florence, Italia, kila kitu kina foleni. Nilipoiona ya kwenda kumtazama Daudi, sanamu ya Michelangelo, nilijiendea zangu Piazza della Signoria ambako nakala yake imesimama nje, bure. Hapo ndipo nilipokamuliwa. Kahawa ambayo ukiinywa wima kaunta unalipa euro moja na ushee, ukivuta kiti tu ukautazama uwanja, bei inapaa mara kadhaa, na hakuna anayekutonya mpaka bili ije. Kikombe chenyewe ni kama cha muuza kahawa wa Kariakoo, na kashata hupewi. Nikaapa siondoki mpaka kiti kirudishe hela yangu.

Kumbe kilirudisha. Ng'ambo, chini ya matao ya Loggia dei Lanzi, kijana wa bronzi kainua kichwa cha Medusa kwa nywele zake za nyoka, kiwiliwili kakikanyaga, damu inamwagika shingoni. Ni Perseus, shujaa wa hekaya za Wagiriki, kazi ya mchongaji Benvenuto Cellini. Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici, mtawala wa Florence, aliiagiza sanamu hii mwaka 1545, ikazinduliwa 1554. Wagiriki walisimulia kwamba aliyeutazama uso wa Medusa aligeuka jiwe. Na majirani wa Perseus uwanjani, Daudi na Hercules wa Bandinelli, wote ni marumaru! Fundi huyu alikuwa na kijembe.

Na makeke pia. Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku ya kumimina bronzi kwenye kalibu Cellini alishikwa na homa akaenda kulala, akijua anakufa. Mafundi wakamjia: madini yameganda tanuruni. Akatoka kitandani akitukana, akachochea moto kwa kuni za mwaloni hadi paa likashika, kisha akatupia humo sahani na mabakuli ya bati ya nyumbani kwake, kama 200. Nilimwaza mama. Sahani zake za kabatini, ambazo hata sisi wanawe hatulii mpaka aje mgeni, nani angezigusa? Hata sanamu ingekuwa ya Sultani.

Nilizunguka nyuma ya Perseus. Kisogoni mwa kofia ya vita mna uso wa mzee mwenye ndevu. Wanasema ni Cellini mwenyewe. Sanamu ya Askari pale Samora, nayo ya bronzi, nimeipita kwa daladala tangu utotoni, na mgongo wake siujui.

Vile visanamu vya kwenye kitako, Danae mama yake Perseus na wenzake, ni nakala. Vya asili viko makumbusho ya Bargello, kwa kiingilio. Nikalipa, nikinung'unika kwa shilingi.