Kumbukumbu ya mradi, wiki ya 5: nimelifuta duara

Wiki hii nimefuta kitu nilichojivunia kuliko vyote kwenye programu hii. Lilikuwa duara la kijani katikati ya skrini, na ndani yake namba kubwa ya siku ambazo mtu amekaa bila kugusa unga, yaani heroini: 1, 2, 41. Nililichora nikikesha wiki ya kwanza, na nililionyesha kila aliyeingia kibandani hata kama alikuja tu kubadilisha kioo.

Kwa anayeanza kusoma hapa: mimi ni fundi wa simu Kondele, Kisumu, na nikishafunga jioni najifunza kuunda programu za Android. Hii namtengenezea binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, aliyerudi kutoka Mombasa na uraibu wa heroini na sasa anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, kliniki kila asubuhi, mbele ya macho ya sista, yaani muuguzi. Yeye na wenzake watatu ndio wanaonijaribia. Malipo yao ni chai na mandazi.

Binamu alifika siku 41. Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri, nauli ya boda hana, akabaki nyumbani. Siku iliyofuata hali ikawa ile ile, na kufikia jioni arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ilikuwa imemshika mifupa. Akanunua kete ya unga. Usiku akafungua programu, akabonyeza "Nimeteleza" kama nilivyomfundisha, na duara likageuka jekundu: 0. Hakuifungua tena siku tisa. Nilipomuuliza akaniambia, "Omera, hiyo kitu yako imenigombeza kuliko mama."

Rangi ningeibadilisha kwa dakika mbili. Shida ni kwamba nilikuwa nahesabu kisichohitajika. Sista hana haja ya 41. Anachotaka kujua ni dozi ngapi zimekosekana. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana kikombe kimoja kwa siku kinatosha kuzuia arosto. Lakini mwili hausubiri. Ukikosa siku tatu mfululizo, hurudishiwi dozi ya zamani hivi hivi. Unapimwa upya na mara nyingi inapunguzwa, kwa kuwa kiasi ulichokihimili wiki jana leo kinaweza kukukata pumzi. Unga nao ni vivyo hivyo: aliyepumzika kisha akarudia kipimo chake cha zamani ndiye aliye hatarini zaidi. Sasa mchukue mtu huyo huyo, simu imemwandikia sifuri, aibu imemjaa. Siku ya tatu inapita, ya nne inapita, yuko ndani amejifunika blanketi.

Kwa hiyo skrini mpya ina swali moja la asubuhi: "Umekunywa?" Majibu ni Ndiyo au Bado. "Bado" mbili zikifuatana, inaandika: "Kesho itakuwa ya tatu. Nenda leo." Zikifika tatu: "Nenda hata hivyo. Mwambie sista siku ulizokosa na ulichotumia. Dozi itapimwa upya, hakuna kiboko huko." Hiyo ya kiboko ni ya binamu. Mimi nilikuwa nimeandika "Tafadhali zingatia maelekezo ya wahudumu wa afya" na wote wanne wakanicheka. Chini kuna kitufe kimoja cha kupiga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo haili salio.

Arifa zilinipa taabu yake. Ya kwanza ilisema wazi "Muda wa methadoni", ikatokea simu ikiwa inachajiwa dukani kwa jirani, mbele ya wateja. Nikabadilisha haraka: "Usisahau sukari." Binamu alicheka hadi akapaliwa na chai. Nilikuwa nimesahau kwamba mitaani heroini huitwa brown sugar! Sasa inasema "Jaza mtungi" na kila mtu ametulia.

Kuna jambo ambalo mimi, kwa kazi yangu, nilipaswa kuliona mapema. Arosto ikibana, simu ndiyo ya kwanza kuuzwa. Kati ya simu nne nilizoanza nazo, mbili zimeshabadilisha mwenyewe. Duara lilipokuwepo, simu ikienda, siku zote zimeenda nayo. Sasa programu inakumbuka siku saba za mwisho tu, haina jina la mtu wala la kliniki, na aliyeinunua simu hakuti cha kusoma. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi hizi kwa mshahara alisisitiza niweke seva, kompyuta ya kuhifadhi taarifa za wote mahali pamoja. Nimekataa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na seva ya kulinda siri za watu siwezi kuiendesha kutoka kibandani.

Ukubwa: nimetenganisha faili kulingana na aina ya prosesa, imeshuka kutoka MB 24 hadi 8. Wanarushiana kwa Bluetooth, bila bando. Mmoja wa waliouza simu sasa ana kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyopokea programu, na kwake sina kitu mpaka nijue meseji za kawaida zitanigharimu kiasi gani.

Nilidhani nimemaliza. Jana jioni akaja yule dada wa Nyalenda, mmoja wa wanne, amekasirika kweli kweli. Yeye hakuteleza. Alikuwa siku 88 na anataka duara lake. Nikamweleza habari za sifuri, akanisikiliza kwa heshima, kisha akavua kava la simu na kuligeuza. Ndani, kwa kalamu ya bluu: 88, imekatwa mstari. Pembeni yake, 89.