Mbuzi ya nazi iliyokaa ndani ya boksi

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Hesabu 9:15–23. Lisomeni kwanza ndipo mrudi hapa, maana nitakayoyasimulia mengi ni ya Ujerumani, si ya jangwa la Sinai.

Wengi wenu mwajua mume wangu aliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, akajiunga na jeshi. Oda ya kwanza ya kuhama na familia ilitutupa Stuttgart. Pale jeshi la Marekani lina kambi kadhaa, na moja, Kelley, ndiyo makao makuu ya kamandi yao ya Afrika. Mama mkwe alipoelezwa alicheka mpaka akashika ukuta: "Yaani Afrika mwaichungia huko kwa Wajerumani?"

Mwanajeshi akihamishwa, wafungaji mizigo huja nyumbani na makaratasi na gundi, wakafunga kila kinachoonekana, wala hawaulizi. Kwetu walifunga hata pipa la jikoni na taka zake. Nilikuja kulifungua Böblingen, mji jirani na Stuttgart tulikopata nyumba, baada ya miezi miwili, maganda ya machungwa yamo, yamekauka kama ngozi ya kiatu.

Tuliambiwa tutakaa miaka mitatu. Hatujamaliza miezi miwili zikaanza tetesi kwamba kikosi cha mume wangu kitahamishwa tena. Mke wa mwanajeshi huishi kwa tetesi, nami nikaziamini zote. Nikafungua maboksi ya sufuria, ya nguo na ya vitabu vya watoto, mengine nikayapanga ukumbini vile vile. Katika moja lililokuwa na mikeka mlikuwa na mbuzi ya kukunia nazi niliyopewa na bibi yangu siku ya harusi. Ya nini kuitoa, nikajisemea, na kesho tunaondoka?

Ilikaa humo miezi kumi na minne. Wali wetu nikaupikia tui la mkebe.

Tulipanga ghorofa ya tatu, nyumba ya Wajerumani. Kwa Waswabi, wenyeji wa sehemu hiyo, kuna kitu kinaitwa Kehrwoche, yaani juma la kufagia. Kinaenda kwa zamu: juma lako likifika unafagia na kupiga deki ngazi za jengo, unafagia na njia ya mbele, na theluji ikianguka unaikwangua kabla watu hawajatoka kwenda kazini. Zamu hutangazwa kwa kibao kidogo kinachotundikwa mlangoni pako. Ukimaliza, unakitundika mlango unaofuata. Hakuna mjadala.

Mama wa chini, mzee ambaye watoto wetu walimwita Oma, yaani bibi kwa Kijerumani, ndiye aliyetuletea kibao mara ya kwanza. Siku moja alipanda nacho akaona maboksi ukumbini.

"Mnahama?"

"Sijui," nikamjibu kwa Kijerumani changu cha kuokoteza.

Akayatazama maboksi, akanitazama mimi. "Basi juma hili ni lenu," akasema, akatundika kibao, akashuka zake.

Nilikasirika kidogo, siwafichi. Lakini usiku ule nilisoma Hesabu 9 kama sijawahi kuiona. Waisraeli waliondoka tu pale wingu la Bwana lilipoinuka juu ya maskani, hema lake, na wingu lilikuwa likikaa siku mbili, au mwezi, au mwaka. Mstari wa 21 unasema mara nyingine lilikaa tangu jioni hata asubuhi tu. Usiku mmoja! Sasa chukueni Kutoka 26 mhesabu mbao za maskani: ishirini upande wa kusini, ishirini kaskazini, nane nyuma. Mbao 48, kila moja na vitako vyake viwili vya fedha. Wana wa Merari, ukoo wa Walawi, walizibeba kwa magari manne na ng'ombe wanane. Hakuna aliyewaambia wingu litakaa hadi lini, na sijaona popote palipoandikwa kwamba kwa kituo cha usiku mmoja waliruhusiwa kusimamisha nusu. Nawaona wanaume wale asubuhi, migongo inawauma, ubao wa mwisho umekaa sawa jana usiku, wameinua macho na wingu hilo linanyanyuka.

Kesho yake nilifagia ngazi, halafu nikafungua lile boksi.

Nazi tulipata duka la Waasia mjini, ghali na kavu kidogo, lakini nazi. Jumapili nilikaa juu ya mbuzi sebuleni nikakuna. Jumapili ya Ujerumani ni kimya hasa, maduka yamefungwa kwa sheria, hata kutoboa ukuta ni kosa, na mimi kwarakwara! Nilimngoja Oma aje kulalamika. Alikuja kweli, akasimama mlangoni akitazama ile mbuzi, akauliza kama anaweza kujaribu. Mzee wa miaka themanini na kitu, sketi imekunjwa magotini, anakuna nazi. Alikula wali kwetu, na wiki iliyofuata tukala kwake maultaschen, vipande vya unga vilivyojazwa nyama na mboga.

Tangu hapo tulianza kutembea. Tulipanda mnara wa kanisa la Ulm, ngazi 768, kijana wetu akazihesabu kwa sauti mpaka ya 300 akachoka, babake akambeba. Tulienda soko la Krismasi Esslingen. Lakini safari niliyoitunza moyoni ni ya Korntal, vituo vichache tu kwa treni kutoka Stuttgart. Huko amezikwa Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuja pwani yetu.

Sisi wa Mombasa tunaujua upande wa pili wa habari hiyo. Kaburi la mkewe Rosina liko kwetu, ng'ambo ya maji, upande wa Nyali. Walifika Mombasa Mei 1844. Julai Krapf alikuwa amemzika mke na kitoto kichanga. Mwaka huo huo alishaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hakujua atakaa hadi lini, na kwa kweli afya ilimrudisha Ulaya. Mwenzake Rebmann alifika 1846, akakaa miaka 29 bila kurudi kwao, akatoka kipofu. Naye alifia Korntal, 1876. Krapf akamfuata 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapwa mwaka uliofuata, yeye hayupo.

Tulisimama makaburini pale, baridi kali. Binti yangu akauliza kama Rosina naye amelala hapo. Nikamwambia la, yeye yuko kwetu. Akafikiri kidogo, akasema: "Kwa hiyo amebaki kutushikia nafasi." Sikumjibu.

Oda ilitoka katika mwaka wa tatu, kama tulivyoambiwa mwanzoni. Tetesi zote zilikuwa bure. Juma la wafungaji mizigo likaangukia zamu yetu. Niliwaonyesha pipa la taka nikawaambia hili liacheni. Maboksi yaliposhushwa, mume wangu akafagia ngazi kuanzia juu, nami nikapiga deki nikimfuata, njia ya mbele tukaisafisha pamoja. Mbuzi ya nazi nilimwachia Oma. Nasikia huikalia akivaa viatu. Kibao nikakitundika mlango wa pili, watu walikuwa bado wamelala.