Nilivyotoa EP yangu ya kwanza kwa mvumo walioniambia niuue

Nyimbo nne za EP hiyo, yaani albamu fupi, zimeshatoka, zote ziko kwenye kii ya G minor, na ukizipima kwa tyuna ya simu yako, ile programu ya kupima noti, itakuambia gitaa langu limekosewa. Halijakosewa. Limepatanishwa na umeme wa Tabata, mtaa wangu hapa Dar.

Nianze na washauri, maana ndio walionipandisha hasira hadi nikamaliza kazi. Muziki wangu ni roki ya kielektroniki ya giza: ngoma za kompyuta zinazokwenda polepole, sinthesaiza nzito, gitaa lililochafuliwa kwa distosheni, na sauti ya mtu anayeongea kama hataki kuamsha watoto. Prodyuza mmoja wa mjini alisikiliza demo kwa nusu dakika, akavua hedifoni. "Mdogo wangu, hii ya msibani. Tia log drum hapa, ile besi ya amapiano, halafu huyo jini anayenguruma mwanzoni mtoe, watu wacheze." Mwingine akaniambia roki si ya kwetu, tuwaachie Wazungu. Huyo sikubishana naye sana, nilimtumia tu nyimbo za Sunburst, waliopiga roki hapa hapa Dar miaka ya 1970 na kutoa albamu mwaka 1976. Kazi zao zilikusanywa zikatolewa upya na lebo ya Strut ya London mwaka 2016, wakati sisi tumeshawasahau. Na kama hiyo ni ya zamani mno, kuna Duma wa Nairobi: watu wawili, mashine, gitaa na mayowe, albamu yao imetoka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Alijibu kwa emoji ya kucheka, basi.

Vifaa vyangu ni aibu tupu. Chumba kimoja cha kupanga, laptopu yenye kibodi iliyopoteza herufi, saundi kadi ya mkononi niliyonunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na programu ya kurekodia ya Reaper, ambayo wanakuruhusu kuijaribu siku 60 bila kulipa. Nilikuja kulipia leseni, dola 60, ili nisiendelee kuona ule ujumbe wa kunikumbusha kila nikifungua. Gitaa niliazima kanisani. Nalisema hili kwa yeyote anayeanza: mjini hapa ukitaka gitaa la umeme, ampu na mtu anayejua kuvitumia, usihangaike na studio za Bongo Fleva, nenda kwenye mazoezi ya kwaya. Mpiga besi wao alinipa gitaa lenye pikapu (sumaku zinazodaka mtetemo wa nyuzi) za koili moja na sharti moja tu, Ijumaa jioni liwe limerudi.

Koili moja ndiyo iliyoleta kizaazaa. Nilipochomeka tu, mvumo. Mmmmm, mzito, haukatiki, unakaa chini ya kila noti. Nikaanza kupewa tiba. Weka noise gate, kizima sauti ndogo: nikaweka, ikawa inakata hata mkia wa noti, na muziki wa aina hii maisha yake yako kwenye mkia. Nunua waya wa bei mbaya: nikanunua, kama elfu arobaini hivi, mvumo ukaja vilevile ila safi zaidi. Chomoa chaja, rekodi kwa betri: ukapungua kidogo, halafu laptopu ikazimika katikati ya kipande kizuri kuliko vyote.

Ndipo nikamwita fundi umeme wa mtaani, mzee wa makamo anayeheshimika, ambaye hagusi waya kabla hajanywa chai. Akatazama soketi, akatazama mita, akatikisa kichwa. "Kijana wangu, nyumba hii haina ethi, umeme hauna njia ya kwenda ardhini. Wewe unapiga gitaa, umeme nao unakupiga wewe." Alikuwa na haki, maana kila nikisogeza mdomo kwenye maiki huku nimeshika nyuzi nilikuwa nang'atwa. Tukachimba shimo nyuma ya bafu, pale udongo haukauki, akashindilia nondo ya shaba, akajaza mkaa na chumvi ya mawe, akamwagia maji. Mama mwenye nyumba akatokea na kanga yake begani.

"Baba, mnamzika nani hapo?"

"Tunazika shoti, mama," mzee akamjibu bila kuinua kichwa.

Jumla na nondo, mkaa na soda mbili, sijui elfu sitini, sijui sabini. Nikakimbia ndani, nikachomeka gitaa. Kung'atwa kumekwisha kabisa, na kwa hilo tu ile hela ilikuwa halali. Mtu asirekodi kwenye nyumba isiyo na ethi, ni hatari. Lakini mvumo? Upo. Umepungua, ila upo. Mzee akasikiliza, akasema hiyo sasa si kazi yake, akaenda zake. Baadaye ndio nikaelewa: koili moja ni antena, inadaka uga wa sumaku wa nyaya zilizomo ukutani, na ethi haina la kufanya hapo. Nikigeukia mlango mvumo unashuka, nikigeukia ukuta wenye mita unapanda. Mpenda usafi angenunua pikapu za koili mbili zinazofuta mvumo. Gitaa la kanisa ningelifanyaje, nilipasue?

Sasa sikiliza utamu wenyewe. Usiku, umeme wa luku umebaki uniti chache, nimekaa nimekata tamaa, kidole kiko fret ya tatu ya uzi mnene, nikaupiga tu. Hiyo ni G, mitetemo 98 kwa sekunde. Ikagombana na mvumo: waa, waa, waa, mara mbili kila sekunde, kwa usawa kabisa. Nilikuwa nimesoma fizikia ya kidato cha sita na sikuwahi kuitumia kwa lolote. Umeme wetu ni 50 kwa sekunde, na mwenzake wa juu ni 100. Mia toa tisini na nane, mbili. Kwa hiyo ukuta wangu wote huu unaimba G, ila umepanda kidogo tu, kama theluthi ya nusu toni!

Nikaacha kupigana nao. Tyuna nyingi za simu zina sehemu ya kubadilisha noti ya A kutoka mitetemo 440, kipimo cha kawaida. Nikaiweka 449, nikapatanisha gitaa upya, nikapandisha sinthesaiza zote kwa senti 35 (nusu toni ina senti 100), nikapiga tena ile G. Hakuna waa-waa. Gitaa na nyumba vikawa kitu kimoja, na noti ikiisha inazama ndani ya mvumo huwezi kujua imeishia wapi. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Kuanzia hapo mvumo ukawa ala. Nikitaka mwingi, nachomoa waya kwenye gitaa na kugusa ncha ya jeki kwa kidole gumba, unapiga kelele kama trekta. (Nyumba yenye shoti usijaribu, nimeshasema habari ya ethi.) Nilirekodi kipande kirefu kimoja nikakitumia kwenye nyimbo zote, maana umeme nao hautulii, saa za jioni watu wakiwasha kila kitu unayumbayumba kidogo na sikio linajua. Jenereta la duka la jirani ndilo lilikuwa halifai. Likiwa halina mzigo linakimbia hadi 52 hivi, liko juu mno, na maiki inalidaka kupitia dirishani. Umeme ukikatika nilikuwa nalala.

Kuna jambo moja lililonisumbua, na wanamuziki watanielewa. Mvumo hauji peke yake, unakuja na ukoo wake: 100, 150, 200, 250. Ile 150 ni D, haina shida, inaunga mkono. Lakini 250 inaangukia karibu sana na B, na B ni ya G major, ya furaha! Mimi naimba huzuni ya minor yenye B flat, huku ukuta unaninong'oneza "changamka". Kwenye nyimbo tatu niliikata kwa EQ, kichujio cha sauti, mkato mwembamba pale pale kwenye 250. Kwenye wimbo wa mwisho nikaiacha makusudi, na kila mtu anayeniambia kwamba wimbo huo "unamtia wasiwasi sijui kwa nini", ninamwangalia tu.

Spika za simu hazitoi 50, hata uzibembeleze. Rafiki yangu alisikiliza kwenye simu akaniuliza mvumo niliokuwa nausimulia uko wapi. Dawa yake si kuongeza besi, utaziba tu ngoma. Nakala ya pili ya mvumo niliipitisha kwenye distosheni ili ule ukoo wa juu usikike, sikio likisikia watoto linajaza mzazi lenyewe. Jaribio langu la mwisho huwa ni spika ya bajaji. Ikieleweka pale, itaeleweka popote.

Sauti niliimbia ndani ya kabati la nguo. Ngoma nyingine ni geti nililopiga kwa ufagio. Hayo hayana hadithi.

Kwenye masteringi, hatua ya mwisho ya kuweka sauti sawa, yule prodyuza wa log drum alirudi na ushauri mpya, nipandishe sauti hadi ipasuke. Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), ukija umepiga kelele wanakushusha, na unabaki na wimbo bapa usio na kupumua. Yangu niliiacha ipande na kushuka. Pia pakia kazi mapema, usikimbilie wiki ile ile. Ombi la kuingizwa kwenye orodha zao linatakiwa kufika angalau siku saba kabla ya kutoka.

Mimi niliwahi, na bado wimbo wa kwanza ukatua kwenye ukurasa wa mtu mwingine mwenye jina la kisanii kama langu, anayeimba injili. Fikiria waumini wake Jumapili asubuhi wanafungua kitu kipya cha kipenzi chao, wanakutana na ukuta wa Tabata. Mmoja alimwandikia: "Mtumishi, uko salama?" Msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo majukwaani, alichukua muda wake kututenganisha, na mtumishi mwenyewe alikuwa mstaarabu kuliko watu wengi wa roki ninaowajua. Ila tafuta jina lako kwenye majukwaa kabla hujalichapisha kwenye kava.

Hela? Tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauna mgawo pale Spotify, kwa hiyo sisi wa giza tujipange. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, wanakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na wanunuzi wangu wachache pale wamelipa zaidi ya bei niliyoweka. Nondo ya shaba bado haijarudi.

Onesho la kwanza tulifanya kwenye baa moja, tukitangulia bendi ya zilipendwa. Fundi sauti alisikia mvumo wa kufungulia wimbo, akaruka. Akazima chaneli moja moja, akabadilisha waya, akapanda jukwaani kuchungulia nyuma ya ampu yangu huku mimi naimba. Ubeti wa pili alikuwa ameshashika bisibisi. Siku hizi nikifika ukumbini nampa fundi karatasi kabla sijashusha begi: mvumo ni wa wimbo, usiutibu.